Nyasi ya Kikuyu Ilizunguka Dunia Bila Kipande

Wasee wa Thika na Ruiru, leo story ni ya nyasi. Ngoja, usipite bado. Ni ile nyasi ya kijani, nene kama zulia, inayotambaa hadi inapanda juu ya kabro na kuingia kwa mtaro. Wauza miche wa kando ya barabara wanaiita "Kikuyu" tu, kama wanamwita jirani. Ina historia kubwa kuliko ya ploti unayoishi, na kama ulisoma Historia hadi kidato cha nne bila kusikia hata mstari mmoja kuihusu, mimi naona tulinyimwa kitu.

Kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki: Kenya, Ethiopia, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na sehemu za Tanzania. Na si juu kidogo, ni kati ya mita 1,950 na 2,700 hivi, pembeni mwa misitu, mahali miti imekatwa na mifugo wakaanza kulisha. Fikiria Limuru. Thika iko karibu mita 1,500 tu, kwa hivyo hapa kwetu nyasi hii ni mgeni aliyeshuka mlima kutafuta maisha, kama wapangaji wengi wa hapa. Ndiyo maana Februari ya Makongeni inageuka rangi ya biskuti wakati ya Limuru bado inang'aa.

Jina lake la kisayansi linafurahisha. Mwaka 1903 Emilio Chiovenda, Mwitaliano aliyeshughulika na mimea ya Ethiopia na Eritrea, aliichapisha kama Pennisetum clandestinum. Hilo neno la pili ni Kilatini na maana yake ni iliyofichika, kitu cha siri. Mwaka 2010 wataalamu waliihamisha ukoo, sasa ni Cenchrus clandestinus, lakini siri ilibaki kwenye jina. Sababu ni maua. Maua yake yanajificha ndani ya ala ya jani, huwezi kuyaona. Ila kata nyasi fupi, kisha uamke mapema siku chache baadaye: utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimesimama juu ya kijani kama nywele za mzee. Hayo ndiyo maua. Watu wengi hudhani ni ukungu au ugonjwa na kukimbilia dawa.

Lakini "Kikuyu" haimo kwenye Kilatini. Hilo ni jina la Waingereza. Walitoka Nairobi kuelekea kaskazini, wakaikuta kwenye nchi ya Wakikuyu, wakaibandika jina la wenyeji. Na hapo ndipo mimi huanza kukasirika kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo walikuwa wanalibakisha jina na kuchukua ardhi.

Angalia tarehe. Mwaka 1902 sheria ya ardhi za Taji ilimpa kamishna wa Mwingereza mamlaka ya kuuza na kukodisha ardhi ambayo serikali yake ilijitangaza kuwa mwenyewe. Mwaka 1908 hoteli ya Blue Posts ilianza pale kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, kituo cha wasafiri na walowezi. Mwaka 1913 reli ilifika Thika. Katani na kahawa zikajaza mashamba. Dunia ilikuja kuijua Thika kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake kwenye shamba la walowezi, na kitabu hicho kilibeba jina la miti ya hapa. Sawa, miti ilipata kitabu. Nyasi ilipata pasipoti.

Kufikia 1920 nyasi ya Kikuyu ilikuwa tayari Afrika Kusini. California iliipokea karibu mwaka 1918, ikapandwa kwenye kingo za mifereji ili udongo usimomonyoke. Australia iliipata 1919, na hapa kuna kichekesho: mbegu zilizoanzisha safari huko zilitoka Kongo ya Wabelgiji, si Kiambu. Kwa hivyo Sydney ilipokea "Kikuyu" aliyetokea Kongo na hakuna aliyemwuliza kitambulisho.

Kitambulisho. Tusimame hapo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kusaini, wewe ni mtoro, unatafutwa. Kama una miaka 16 na unasoma hii kwa simu, hiyo ingekuwa shingo yako. Mwaka huo huo wa 1919, nyasi yenye jina la Mkikuyu inavuka bahari hadi Australia, na Mkikuyu mwenyewe hawezi kutoka shamba moja la kahawa hadi lingine bila ruhusa. Harry Thuku alipinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Hii sehemu ya Thuku tulifundishwa. Sehemu ya nyasi hapana.

Kuna sura nyingine ambayo watu wa Murang'a, majirani zetu hapo juu tu, wanaweza kukusimulia kama bado una shosho aliyezaliwa miaka ya 1930. Wakikuyu walikuwa wamebanwa kwenye maeneo yao, ardhi ikachoka, udongo ukaanza kushuka na mvua. Serikali ya kikoloni haikurudisha ardhi. Ilisema tatizo ni jinsi wanavyolima, ikaamuru matuta yachimbwe na nyasi ipandwe kwenye miteremko, kazi ya pamoja, ya lazima, bila malipo, na waliolundikiwa mzigo huo ni wanawake. Julai 1947 mkutano mkubwa Murang'a uliazimia kwamba wanawake wasifanye tena kazi ya matuta. Mwaka 1948 umati wa wanawake ulishuka hadi kituo cha serikali wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba kazi ya nyumbani inawatosha, nyasi hawapandi. Baadhi walitozwa faini.

Mimi hiyo picha siwezi kuiondoa kichwani. Kisayansi, nyasi kwenye mteremko inashika udongo, hakuna ubishi. Wale wanawake hawakuwa wajinga wa kilimo, walikuwa wanajua mmea huo tangu utotoni. Walikataa amri. Ukitaka kujua kwa nini wazee wengine hapa wanaona kupanda nyasi ya mapambo kama mchezo wa watu wasio na kazi, anza na hapo.

Nyasi nyingine ilipandwa kwa sababu tofauti kabisa: vilabu vya michezo vya walowezi. Vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia kama mtu wa kukata nyasi au wa kubeba mikoba ya gofu. Leo Thika na Ruiru bado zina viwanja vya gofu, wanachama ni Wakenya, na ni sawa. Lakini nje ya lango ile tabia ilibaki, nayo ni kibao cha "Usikanyage nyasi". Kiko kwenye bustani za miji, kwenye ofisi, na sasa kwenye esteti zenye malango. Mnalipia mapambo msiyoweza kukalia.

Na kwa nyasi hii kibao hicho ni upuuzi wa kibaiolojia. Ilikulia chini ya kwato na meno. Haitegemei ncha ya juu kukua, inatambaa kwa mashina ya juu ya udongo na mengine ya chini, kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Ukiikwaruza inajifunga yenyewe. Wachezaji wa gofu wa Marekani wanaijua vizuri, kwa sababu uwanja wa Riviera huko Los Angeles umejaa nyasi ya Kikuyu, na Torrey Pines, San Diego, vilevile. Mpira ukizama ndani yake, kuutoa ni kazi ya kujuta. Riviera ndiyo itakayopokea gofu ya Olimpiki mwaka 2028. Wakati huohuo serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha yake ya kitaifa ya magugu hatari. Yaani wanaicheza na wanaiogopa. Australia nao waliichambua, wakasajili aina yao bora waliyoiita Whittet, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa malisho ya ng'ombe wa maziwa kule.

Sisi je? Sisi tunamwaga kabro. Sensa ya 2009 ilikuta watu karibu 238,000 Ruiru. Ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Ploti inajengwa hadi ukutani, kinachobaki kinawekwa kabro, na kipande kidogo cha mbele kinafunikwa nyasi ya plastiki ili picha zitoke vizuri. Sina shida na picha, mimi mwenyewe naishi kwa picha. Lakini keti juu ya ile plastiki saa nane mchana ya Februari uone. Kisha ikinyesha kama Aprili 2024, maji hayana pa kuingia, yanashuka kwa jirani wa chini. Watoto wa ploti wanachezea barabarani kati ya bodaboda. Mji wenye nyasi inayosifiwa na mabara mengine, na hauna mita kumi za kurushia mpira.

Basi mkikubaliana na keateka, na msisahau kumwambia mwenye nyumba, ipandeni vizuri. Usihangaike na mbegu. Omba mashina yanayotambaa kwa mtu anayepunguza yake, kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, zika kifundo kimoja na uache ncha nje, sentimita 15 hadi 20 kati ya kipande na kipande. Inapenda chakula, kwa hivyo changanya samadi iliyooza. Wa upande wa Juja wenye udongo mweusi wa kupasuka, legezeni na kuongeza samadi zaidi, na hakikisheni maji hayatuami. Kivulini chini ya mwembe usijaribu, itakonda ikufe. Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza, baadaye maji mengi mara chache, ili mizizi ishuke chini.

Ikishaungana, kata mara kwa mara na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukingoja mwezi kisha uishushe yote kwa slasha, utakutana na godoro la mashina ya kahawia na utasema imekufa. Haijafa. Kiangazi pia itakauka juu, iache, itarudi na mvua.

Halafu mpaka. Chimba kimtaro kandokando na ukisafishe kila wiki, la sivyo itaingia kwa sukuma za jirani na nyinyi wawili mtaacha kusalimiana. Wakulima wa kahawa wa huku wamepigana nayo miaka na mikaka kwa sababu hiyo hiyo. Wakati mzuri ni mvua fupi, katikati ya Oktoba, udongo ukishalowa. Ikifika Krismasi utakuwa unatafuta wa kukukatia.