Bunduki za upepo za resori: ipi inatulia mkononi, ipi inapiga sawasawa?

Watu wawili wanachukua bunduki moja ya upepo na plombi za sanduku moja, wanalenga kopo lilelile kwenye mita 20. Wa kwanza anaikaza begani kwa nguvu zote: plombi tano zinapita kushoto, kuume na juu. Wa pili anaiacha ilale mkononi kama mtu anayebeba mtoto mwenye usingizi: kopo linaanguka mara ya kwanza. Bunduki haikubadilika. Kilichobadilika ni mkono.

Hapo njo kuna siri ya bunduki za resori. Watu wengi wanazilinganisha kwa nguvu tu: ipi inapiga mbali, ipi inatoboa bati. Lakini wenye kuzijua, huko Ujerumani na Uingereza ambako nyingi zinatengenezwa, wanauliza kwanza swali lingine: ipi inatulia? Tufuate swali hilo hatua kwa hatua. Mwishoni tutarudi hapa kwetu mashariki, juu kitu chenye umbo la bunduki hakiwezi kuwa mchezo wa watoto.

Inatumika namna gani

Ndani yake hamna baruti. Kuna bomba la chuma, ndani ya bomba kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna resori kubwa, ao springi kama ndugu zetu wa Tanzania wanavyosema. Mtu anakunja mtutu ao anavuta mkono wa chuma, resori inabanwa mpaka pistoni inashikwa na ndoano. Akivuta gasheti, ndoano inaachia, pistoni inakimbia mbele na kubana hewa. Kila mtu aliyepampu kinga anaelewa: ziba mdomo wa pompi kwa kidole, sukuma, utasikia hewa inakuwa ngumu na ya moto. Hewa hiyo njo inasukuma plombi kupitia mtutu.

Plombi yenyewe ni ndogo, yenye kiuno chembamba na sketi nyuma. Sketi inapanuka kidogo na kuziba mtutu ili hewa isitoroke. Vipimo vinavyojulikana zaidi ni milimita 4.5 na milimita 5.5.

Kuna bunduki zingine za upepo zinazobeba chupa ya hewa iliyojazwa mbele ya wakati. Hizo ni jamaa nyingine. Hapa tunazungumzia za resori tu, zile ambazo mtu anatengeneza nguvu kwa mkono wake kila mara anapotaka kupiga.

Juu ya nini ni ngumu kuilenga

Pistoni ni nzito. Ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Ikifika mwisho na kukutana na hewa iliyobanwa, bunduki nzima inasukumwa mbele. Ni mateke mawili, moja kila upande, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na mwendo huo unaanza wakati plombi ingali ndani ya mtutu.

Kwa hiyo plombi inatoka kwenye bunduki ambayo tayari inatembea. Kama inatembea namna ileile kila mara, plombi zinaanguka pahali pamoja. Kama leo umeikaza na kesho umeilegeza, kila plombi inashika njia yake. Mateke hayo mawili yanaharibu pia darubini. Darubini nyingi zimetengenezwa kwa bunduki inayorudi nyuma tu. Ukiiweka kwenye ya resori, vioo vyake vinaweza kulegea. Inaombwa darubini iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki za resori.

Jamaa ya kwanza: za kukunja mtutu

Hizi njo nyingi zaidi duniani. Mtutu wenyewe ni mkono: unaukunja chini, resori inabanwa, unaweka plombi, unaurudisha.

Mfano unaojulikana ni Diana 34, inayotoka kwenye kampuni iliyoanzia Rastatt, Ujerumani, mwaka 1890. Modeli 34 ilitoka 1984. Ni ndefu, inapima karibu kilo 3.5, na toleo la nguvu kamili linaruka vizuri mkononi. Mtu aliyeizoea anapata shabaha nzuri, lakini haimsamehe mwanafunzi.

Weihrauch HW30S ni kinyume chake. Inatengenezwa Mellrichstadt, Bavaria. Inapima karibu kilo 2.5 tu, resori yake ni laini, na kuikunja hakuchoshi. Nguvu yake ni kidogo, lakini kwa sababu hiyo hiyo inaruka kidogo. Kwenye mita 10 mpaka 25, anayejifunza anapata mara nyingi matundu ya karibu zaidi kwa HW30S kuliko kwa bunduki kubwa.

Ubaya wa jamaa hii uko kwenye kiungo. Mtutu unakunjwa na kurudi maelfu ya mara, na kila mara unapaswa kufunga pahali palepale. Kama bolti ya kiungo imelegea, hata ulenge namna gani, plombi zitatawanyika. Weihrauch HW35, modeli ya zamani toka miaka ya 1950, iko na kifungo cha mkono kinachobana mtutu ukifungwa.

Jamaa ya pili: zenye mtutu usiotembea

Hapa mtutu umefungwa kabisa. Kunabanwa resori kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu ao pembeni.

Za mkono wa chini zinazosifiwa ni Weihrauch HW77, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndugu yake HW97, na Air Arms TX200 ya Uingereza. Zote ziko kwenye kilo 4 ao zaidi, bila darubini. Uzito huo unachosha mkono ukiwa umesimama, lakini unasaidia: teke la pistoni linasogeza kitu kizito kidogo kuliko kitu chepesi. HW97 na TX200 hazina alama za kulengea za chuma, zinaomba darubini. HW77 iko nazo. Hizi njo zinaonekana sana kwenye mashindano ya kulenga porini, kwenye kundi la bunduki za resori.

Za mkono wa pembeni, mfano ni Diana 52. Iko na nguvu nyingi na alama za kulengea, lakini ni nzito pia, na mkono unaongeza uzito upande mmoja.

Weihrauch iko na faida nyingine, kuanzia HW30S ndogo mpaka HW97: gasheti inayoitwa Rekord. Inavutwa kwa hatua mbili, ya kwanza laini, ya pili inaachia bila kushtukia. Gasheti ngumu inavuta bunduki pembeni dakika ya mwisho, kwa hiyo jambo hilo ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Diana nayo iliboresha yake, modeli T06 ni ya chuma na inarekebishwa.

Jamaa ya tatu: zinazomeza teke

Mafundi wa Ujerumani walijiuliza: kama teke ni adui, tunaweza kulimeza? Wakapata njia mbili.

Feinwerkbau ya Oberndorf, kwenye modeli 300, iliweka mtutu na bomba juu ya reli ndani ya kitako. Bunduki ikilia, chuma kinateleza nyuma juu ya reli, na bega halisikii karibu kitu. Diana 54 inatumia wazo la namna hiyo, lakini kwa nguvu kubwa zaidi. Njia ya pili ni ya Diana 75: pistoni mbili, moja inakimbia mbele, ingine nyuma, mateke yanafutana.

Bunduki za namna hiyo zilitawala mashindano ya mita 10 kabla ya zile za chupa ya hewa kuchukua nafasi. Mchezo huo uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles, na mshindi wa kwanza wa wanaume alikuwa Mfaransa Philippe Heberlé. Kwa kuelewa usahihi unaoombwa: kwenye karatasi ya mita 10, alama ya pointi 10 ni nukta ya nusu milimita. Na Feinwerkbau 300 iliyotafuta nukta hiyo iko na nguvu ndogo, haitoboi kitu cha maana. Ilitengenezwa itulie.

Mtego wa nguvu

Nguvu inapimwa kwa joule. Plombi ya karibu gramu 0.55 ikitoka na mwendo wa mita 240 kwa sekunde, inabeba karibu joule 16. Ujerumani, mtu mzima ananunua bila kibali bunduki isiyopita joule 7.5, yenye herufi F ndani ya alama ya pembe tano. Uingereza mpaka ni karibu joule 16.3, kupita hapo inaombwa cheti. Ufaransa, ukivuka joule 20 unaingia kwenye kundi lenye masharti makali zaidi.

Matangazo ya biashara yanasifia mwendo tu. Mara nyingi mwendo huo umepimwa kwa plombi nyepesi sana ambayo haishiki njia. Resori kali inaomba mkono wenye nguvu, inaongeza teke na inachosha. Mtu aliyechoka halengi. Kwa karatasi ya mita 10 ao 20, HW30S yenye upole inaweza kushinda bunduki kubwa iliyo kwenye mikono ya haraka.

Kulinganisha kwa haki

Ukitaka kujua bunduki mbili ipi inapiga sawasawa, usipige kopo. Kopo linaanguka hata ukikosa katikati.

Weka karatasi, mita 10 ao 20, pahali pasipo upepo, na nyuma yake ukuta unaozuia plombi. Piga plombi 10 kwa kila bunduki, usihesabu zile za kwanza za kuzoea. Kisha pima toka tundu la mbali mpaka tundu lingine la mbali. Matundu yakikaa pamoja lakini pembeni, bunduki ni nzuri, rekebisha alama za kulengea tu. Yakitawanyika, tafuta sababu: skrubu za kitako, bolti ya kiungo, darubini, kisha plombi. Jaribu plombi za namna nne ao tano, juu mtutu mmoja unapenda hii na kukataa ile bila sababu inayoonekana kwa macho.

Na mkono? Mwandishi wa Marekani Tom Gaylord njo alipa jina mshiko unaofananishwa na mzinga: bunduki inaachwa irudi kama mzinga juu ya magurudumu. Kiganja cha mbele kiko wazi, vidole havibani, bega linagusa kitako kidogo tu, shavu halikandamizi. Usiiweke moja kwa moja juu ya meza ao jiwe, itaruka. Weka mkono wako kati. Na baada ya kuvuta gasheti, bakia ukilenga mpaka plombi ifike.

Matunzo na usalama

Usiilize bila plombi: pistoni itagonga chuma bila mto wa hewa na kuvunja mpira wake. Usitie mafuta mengi ndani ya bomba, yanaweza kuwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Usiache resori imebanwa kwa masaa. Wakati unaweka plombi, shika kwa nguvu mtutu ao mkono wa chuma, juu ndoano ikitoroka, vidole vinaweza kukatika. Plombi ni sumu: nawa mikono kabla ya kula, na mtoto asiiweke mdomoni.

Plombi ya milimita 4.5 inaweza kupofusha jicho, na imekwisha kuua watu. Inapita mita 100 bila shida. Ichukue sikuzote kama bunduki iliyojaa.

Hapa kwetu

Mkulima akiona mtu kwa mbali na kitu kirefu begani, hawezi kujua kama ndani kuna baruti ao resori. Askari kwenye barriere vilevile. Hatapata wakati wa kuuliza ni Diana ao Weihrauch. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi toka mwezi wa tano 2021, na kwenye mikoa mingine ya mashariki watu wamezikana mara nyingi juu ya silaha. Mahali kama hapo, kosa la macho linalipwa kwa maisha.

Nchi yetu iko na sheria ya silaha na risasi, ordonansi-sheria ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985. Kwa hiyo ndugu wa Ulaya akikuambia atakutumia moja kama zawadi, nenda kwanza kwa wakubwa wenye kazi hiyo, uliza, na omba jibu la maandishi. Usibebe njiani, usipatie kijana akawinde ndege kwenye mtaa, usipige picha nayo kwa kujionyesha.

Kwa wale wanaofuata mchezo huu kwenye televisheni ao wanaokutana nao nje ya nchi, kumbukeni kipimo kimoja: bunduki nzuri ya resori ni ile unayoweza kushika namna ileile mara kumi. Nguvu inakuja nyuma.