Tarehe 20 Desemba kule Bunkeya

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya, katika teritware ya Lubudi, kukumbuka kifo cha Mwami M'siri. Sisi wa Kolwezi tuliokwenda kuangalia feti ile tulifikiri ni ngoma tu. Kumbe ni matanga vilevile.

M'siri alitoka Usumbwa, nchi ambayo leo ni ya Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija huku kufanya biashara ya shaba. Mtoto yeye akabaki, akajijengea ufalme juu ya shaba, chumvi, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Mwaka 1891 msafara wa Stairs ulifika kumtaka akubali bendera ya Leopold II. Akakataa. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Omer Bodson akampiga risasi. Bodson naye alipigwa palepale, hakumaliza siku.

Hayo yote tuliyasikia Bunkeya, na yanasemwa vizuri. Jambo moja hatukulisikia. Mwaka uleule wa 1891, miezi kabla Stairs hajafika, Basanga walikuwa wamekwisha kumwasi M'siri. Basanga ndio waliowakuta Bayeke pale; wazee wao waliyeyusha mawe ya kijani na kutoa misalaba ya shaba zamani sana, kabla Bayeke hawajaleta ufundi wao wa kuvuta nyaya. Ile misalaba mitatu ya bendera ya Katanga ya 1960 ni kazi ya mikono ya namna hiyo. Sasa je, mtu anaweza kuwa shujaa mbele ya Mzungu na mzigo mzito kwa jirani yake? Kwa maoni yetu, ndiyo, na historia haiharibiki kwa kusema hivyo.

Sikilizeni lugha tu. Kiyeke kimebaki zaidi katika nyimbo na mambo ya ufalme. Nyumbani Bayeke wengi wanasema Kisanga. Waliotawala walichukua lugha ya waliotawaliwa! Lakini alama ya mwami bado ni kombe la duara lililotoka Bahari ya Hindi, mbali kabisa na hapa.

Upande wa Bayeke uliandikwa na Mwenda Munongo katika Pages d'histoire yeke, mwaka 1967. Wazee wa Basanga nao wana masimulizi yao, na wanazidi kupungua. Safari ijayo tutapita kwanza vijijini kwao na daftari, ndipo tuendelee Bunkeya kwenye ngoma.