Umoja na Wingi Katika Maneno ya Kuazima

Mtu wa Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, akipoteza soksi moja husema "soksi moja", wala hapana amchekaye. Neno hilo lilipotoka kwa Waingereza lilikuwa la wingi. Ile s ya mwisho ndiyo alama yao ya wingi, na Mswahili ameimeza pamoja na neno zima. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu aandikapo "data hii yaonyesha", hutokea msahihishaji akamkatia kwa wino mwekundu, kwa hoja kwamba data ni wingi wa datum katika Kilatini, na kwa hiyo haina budi kuwa "data hizi". Waingereza wenyewe wamegombania neno hilo kwa muda mrefu bila kupatana. Kwa nini basi soksi isamehewe na data ishitakiwe?

Kiswahili kilikwisha kuikuta kesi ya namna hii zamani sana, kabla Kiingereza hakijafika pwani. Malaika ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu ni wingi. Umoja wake ni malak. Mwarabu asikiapo "malaika mmoja" ni kama asikiaye "watu mmoja". Hata hivyo, Jibrili wa chuoni na Gabrieli wa Injili ya Luka, kila mmoja peke yake ni malaika. Mapadre Weupe walipofungua misheni ya Bukumbi, si mbali na Buhongwa, mwaka 1883, mkopo huo ulikuwa mkongwe pwani. Neno sahaba lilikwenda mbali zaidi. Nalo ni wingi katika Kiarabu, umoja wake ukiwa sahabi. Mswahili akalifanya umoja, kisha akalipa wingi wake mwenyewe: masahaba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa maulamaa, wingi juu ya wingi. Na maneno haya yamo vinywani mwa mashehe wakijuao Kiarabu barabara, si vinywani mwa wajinga.

Mambo yalipinduka vilevile upande wa pili. Maisha na maarifa ni maneno ya umoja huko yalikotoka, lakini silabi ya kwanza ilifanana mno na kiambishi cha wingi, ndipo yakasemwa "maisha haya", "maarifa mengi". Mahakama na madrasa, zenye silabi ile ile, hazikuguswa. Lugha haikufuata kanuni moja, na atafutaye unyofu kamili hapa atachoka bure.

Kitabu ndicho mfano ujulikanao kuliko yote. Ki- yake ni sehemu ya shina la Kiarabu, lakini sikio la Kibantu liliisikia kama ki- ya kiti, likaunda vitabu. Kama ingefuatwa sheria ya Waarabu, wingi wake ungekuwa kutubu, na kutubu kwa Waswahili ni jambo jingine kabisa. Wakati ulipata nyakati, waraka ukapata nyaraka, msikiti ukapata misikiti. Hapana mwalimu aliyeagiza hayo. Katika nchi ya Wasukuma, iliyozoea baiskeli, wapo wasemao "digadi moja" kwa sababu madigadi yalisikika kuwa mengi, ingawa neno la Kiingereza lililoazimwa ni la umoja. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo: walipokea cherise kutoka Kifaransa cha Normandi, wakadhani ni wingi, wakakata mwisho wake, wakabaki na cherry.

Neno lenye mafunzo zaidi ni ajenda. Kwa Kilatini ni wingi wa agendum, yaani jambo la kutendwa. Waingereza wameligeuza kuwa umoja, jina la orodha nzima ya mambo ya mkutano, na ugomvi juu yake umekwisha. Likaja Kiswahili katika umbo hilo. Lakini tazama mihtasari ya vikao: "ajenda namba 1", "ajenda namba 2", na orodha nzima huitwa "ajenda za kikao". Karani asiyejua Kilatini amelirudisha neno kwenye jambo moja moja, kama lilivyokuwa Roma, kwa sababu tu ngeli ya I na ZI ilimruhusu kuhesabu bila kubadili umbo.

Ngeli hiyo hiyo ndiyo iliyoipokea data. Msahihishaji adaiye "data hizi" hakosei. Hukosea anapoikataza "data hii" kwa sheria ya Kilatini, ambayo hakuitumia kwa ajenda wala hamtumii malaika. Vipimo vya kina cha maji ya Ziwa Victoria, vikitajwa kimoja kimoja, siku kwa siku, ni data hizi. Vikikusanywa katika jedwali moja na kujadiliwa kama kitu kimoja, ni data hii, na mwanafunzi aliyeandika hivyo alikuwa amekwisha kuchagua maana yake kabla ya wino mwekundu kumfikia.