Uopoaji: kuvuta kilichozama kichwani

Kamba ikikatika na ndoo ikazama kisimani, kuichungulia hakuileti juu. Mtu hutafuta kamba nyingine ndefu, akafunga kulabu, akateremsha na kupapasa chini kwa subira mpaka chuma kigonge chuma. Huko ndiko kuopoa. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, neno hili halihitaji maelezo marefu, maana juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na vizazi vya akina mama vimeteremka mabondeni kuyafuata, vikapanda tena na mitungi kichwani.

Napendekeza uopoaji uwe istilahi ya saikolojia ya ujifunzaji: tendo la kuvuta kutoka kichwani jambo ulilojifunza, kitabu kikiwa kimefungwa. Waingereza walilitoa neno lao, retrieval, mawindoni, kwa mbwa anayerudi kichakani kulitafuta windo lililopotea. Wengine husema urejeshaji. Silipendi, kwani kinachorejeshwa ni kitu ambacho tayari kiko mkononi, kama deni au kitabu cha maktaba. Kukumbuka nako huja hata bila kuitwa. Harufu ya embe tu inakurudisha utotoni. Kuopoa ni kazi, na faida yote imo katika kazi hiyo.

Tumezoea kuamini kwamba maarifa huingia tunaposoma, na mtihani huja baadaye kupima kilichoingia. Lakini mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu viwili, kimoja cha jua, kingine cha fisimaji wa baharini. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka, bila kusahihishwa. Baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kuliongoza: asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichosomwa tena kilibaki asilimia 42, kilichoopolewa 56.

Kusoma tena kunatuhadaa kwa sababu ni kutamu. Jicho limeshayazoea maneno, nasi tunadhani kuzoea ni kujua. Kuopoa kunachosha, tena kunaaibisha, maana mara nyingi kulabu hurudi tupu. Lakini mfikirie mwuguzi wa hospitali ya kijijini kama ile ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi. Usiku wa manane mgonjwa amezidiwa, daftari liko nyumbani. Dalili za hatari atazitoa wapi kama hakuwahi kuzoea kuziopoa?

Wala kuopoa si kukariri. Anayekariri hufuata mstari. Mkatize katikati, ataanza upya. Anayeopoa huanzia popote anapoulizwa.

Bibi zetu waliufanya uopoaji kuwa mchezo wa jioni. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto hukisia, hukosea, hukisia tena. Akishindwa, huambiwa atoe mji. "Chukua Newala." Bibi anautembelea mji huo kwa maneno, anakaribishwa, anakula, anashiba, ndipo anapotoa jibu, na sikio la mtoto limeshakaa tayari kulipokea. Tazama jinsi kushindwa kulivyofanywa kuwa nafuu: hakuna fimbo, hakuna alama nyekundu. Aliyepoteza Newala leo, kesho anakuja mbio na kitendawili kilekile ili amtege mdogo wake, na kwa kukitega anakiopoa mara ya pili.

Hamu hiyo ndiyo ninayoitamani darasani. Gharama yake ni ndogo: maswali matatu ubaoni kuhusu somo la juma lililopita, madaftari yamefungwa, bila alama zozote. Mtoto akikunja uso, mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi, tena polepole, kabla hajalitaja jibu.