Vifuatilizi vya vipokezi vya afyuni

Vifuatilizi vya vipokezi vya afyuni ni kemikali zenye atomu ya mionzi ambazo, zikidungwa mshipani kwa kiasi kidogo mno, hunasa ubongoni kwenye vipokezi vilevile vinavyopokea mofini, heroini na methadoni, zikaonekana kwa mashine ya PET. Mashuhuri zaidi ni kafentanili yenye kaboni-11, iliyotumika kupiga picha za ubongo wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1985. Nyingine, diprenofini, madaktari wa wanyamapori wanaijua kwa kazi tofauti kabisa: ndiyo dawa ya kumwamsha tembo aliyelazwa kwa etofini.

Kikwazo ni muda. Kaboni-11 hupungua nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Safari ya saa 2 huacha chini ya asilimia 2. Haiwezi basi kutengenezwa Dar es Salaam ikatumika Misunkumilo, Mpanda. Siklotroni, mashine inayotengeneza kaboni-11, sharti iwe jirani na mgonjwa. Hata hivyo, picha hizi ni za utafiti zaidi kuliko tiba. Kwa mfano, kliniki ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inayotibu uraibu wa heroini kwa methadoni na iliyoanza mwaka 2011, hupanga dozi kwa kumwangalia mgonjwa mwenyewe.