Dawa ya kichocho kabla ya kufika Kisumu

Kichocho cha tumbo kimewaandama wakazi wa ukingo wa Ziwa Victoria tangu zamani. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ziwani. Hatimaye minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo.

Dawa za mwanzo zilitesa karibu sawa na ugonjwa. Mwaka 1918 J. B. Christopherson, daktari mjini Khartoum, alieleza tiba ya antimoni: sindano za mshipani, wiki baada ya wiki, huku mgonjwa akitapika na pengine moyo ukimsumbua. Miaka ya 1960 ikaleta niridazoli, iliyomezwa kwa siku kadhaa, na haikanthoni, ambayo sindano moja ilitosha. Kwa kijiji kilicho mbali na zahanati, hiyo ilikuwa neema.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba haikanthoni hubadili jeni za bakteria, na mwaka 1973 ikaripotiwa saratani ya ini katika panya wenye kichocho waliopewa dawa hiyo. Niridazoli nayo ilizua uvimbe katika panya na hamsta. Wanasayansi walibishana, kwa maana panya si mtu. Hata hivyo tahadhari ilikuwa na haki yake: dawa ya kugawiwa maelfu ya watoto wa shule, wengi wao wakiwa hawajihisi wagonjwa, haifai kupimwa kwa mizani ya dawa ya mahututi.

Prazikwanteli, iliyobuniwa na kampuni za Ujerumani Bayer na Merck katika miaka ya 1970, ilipitishwa katika mtihani huohuo. Panya na hamsta walipewa dawa kwa muda mrefu, karibu umri wao mzima, kisha viungo vyao vikalinganishwa na vya wenzao wasiopewa. Saratani haikuongezeka.

Ndiyo dawa waliyopewa waosha magari wa Kisumu, vijana wanaofanya kazi wakiwa ndani ya maji ya ziwa, ambao KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake wa Marekani walianza kuwafuatilia mwaka 1995. Walitibiwa, wakarudi ziwani. Wengi wakaambukizwa tena, wakameza tena vidonge vilevile.