Nairobi Baada ya Bomu: Waliokuja Kusikiliza

Ukishuka matatu pale Railways ukafuata Haile Selassie hadi inapokutana na Moi Avenue, utakuta bustani ndogo yenye ua. Mchana watu hukaa humo kupunga upepo: wengine wako kwa simu, wengine wanasubiri saa ya interview ifike. Ndani kuna ukuta wa majina. Kama ulizaliwa baada ya 1998, labda umepita hapo mara mia bila kuyasoma.

Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo nyuma ya ubalozi wa Marekani. Watu kwa maofisi ya karibu wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: wakakimbilia dirisha waone kuna nini. Ndipo lori likalipuka. Jengo la Ufundi, lililokuwa na ofisi na chuo cha masekretari, likaporomoka lote. Vioo vya jumba la Co-operative Bank vikageuka visu. Ndiyo maana majeruhi wengi sana wa siku hiyo waliumia macho, na baadhi yao hawakuona tena. Watu 213 walikufa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani, na maelfu wakajeruhiwa. Dakika chache tu mbali na hapo, bomu lingine liliua watu 11 Dar es Salaam.

Stori ya uokoaji inajulikana. Wapita njia walichimba kifusi kwa mikono mitupu. Matatu zilibeba majeruhi hadi Kenyatta. Watu walipiga foleni kutoa damu. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa imetega sikio, ikisubiri habari za waliokuwa wamefukiwa na bado wanaongea na waokoaji.

Lakini kuna kazi nyingine iliyoanza wiki hizo hizo, na haina picha nyingi. Kifusi kilipozolewa, watu walirudi nyumbani na mwili mzima lakini usingizi haukuja. Mlango ukibamizwa, mtu anaruka. Kuna aliyeondoka ofisini dakika tano kabla, akabaki kujiuliza kwa nini yeye. Hao wangeenda wapi?

Kumbuka wakati huo Mkenya wa kawaida alijua jina moja tu likija suala la akili: Mathari. Hospitali hiyo ilianza 1910, enzi za mkoloni, kama mahali pa kufungia waliodhaniwa vichaa, na jina lake limebaki kuwa matusi mtaani hadi leo. Madaktari wa akili nchini walikuwa wachache mno. Kumwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba anahitaji kuona daktari wa akili kulikuwa kama kumwambia amerukwa na akili.

Chama cha Madaktari Kenya kikaanzisha mpango ulioitwa Operation Recovery. Daktari Frank Njenga, mtaalamu wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Wataalamu peke yao wasingetosha, kwa hivyo walihitajika watu wa kujitolea waliofunzwa haraka haraka: jinsi ya kukaa na mtu, kumsikiliza bila kumkatiza, na kutambua ni nani anayehitaji msaada mkubwa zaidi. Baadaye pesa za Wamarekani zilisaidia kulipia ushauri nasaha kwa muda mrefu zaidi, lakini mwanzo wa kazi hii ulikuwa wa watu waliojitokeza tu.

Mtu anaweza kusema: kwani sisi hatukuwa na njia zetu? Tulikuwa nazo, na bado tunazo. Mtu akifa, majirani hujaa nyumbani, chai inapikwa, mchango unapitishwa, jioni kuna maombi. Matanga ni ushauri nasaha ambao hatujauita hivyo. Shida ni kwamba matanga yanajua kumlilia marehemu. Hayajui sana la kufanya na aliyepona. Huyo anaambiwa, "Wewe shukuru Mungu uko hai." Maneno mazuri, yana nia njema, lakini yanamfunga mdomo. Akisema halali usiku, anaonekana hana shukrani. Kwa mtu kama huyo, mgeni wa kujitolea aliyekuja tu kumsikiliza angeweza kuwa wa kwanza kumwuliza swali na kungoja jibu.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya mlipuko, Njenga na wenzake waliwauliza maswali Wakenya zaidi ya elfu mbili. Hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hivyo si picha ya mji mzima. Hata hivyo, matokeo, yaliyochapishwa 2004, yanafaa kusomwa polepole. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na ugonjwa wa kiwewe. Walioathirika zaidi walikuwa pamoja na waliojeruhiwa, waliofiwa, walioona mlipuko kwa macho yao, waliokwama kifedha baadaye, na wale ambao hawakumfungulia rafiki moyo.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo hunirudisha kwa wale wa kujitolea. La rafiki waliliweza. La pesa hawakuliweza. Unaweza kumsikiliza fundi aliyepofuka mchana kutwa, lakini jioni bado kodi ya nyumba inamngoja. Manusura wengi wa Agosti 7 wamezeeka wakidai fidia, na kila mwaka siku hiyo ikifika, hilo ndilo wanalolizungumzia.

Tangu wakati huo ujuzi wenyewe umebadilika. Zamani iliaminika kwamba mtu aliyepatwa na msiba asimulie yote mara moja, kwa kikao kimoja, atue mzigo. Utafiti ulikuja kuonyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na kinaweza hata kuumiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unamtaka msaidizi afanye mambo matatu: atazame, asikilize, aunganishe. Aone nani ana shida, amsikilize bila kumlazimisha kusema, kisha amfikishe kwa jamaa zake, kwa chakula, kwa daktari.

Ndiyo kazi iliyofanyika Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Miili ililetwa Chiromo, na familia zikakusanyika uwanja wa Nyayo, ambapo Msalaba Mwekundu na washauri walikaa nazo. Wazazi walikuwa wametoka kila pembe ya nchi. Wengi walihitaji tu mtu wa kuandamana nao hadi mochari na kurudi nao.

Mwaka wa 2020 jopo la serikali, likiongozwa na Njenga yule yule, lilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Miaka 22 ilikuwa imepita.

Siku nyingine ukipita pale bustanini, ingia usome ukuta. Majina ya waliokuja kusikiliza hayamo humo. Lakini uliza nyumbani kwenu. Nairobi hii, huenda kuna shangazi au jirani aliyekuwa mjini Ijumaa hiyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Akianza, mwache amalize.